Ugali Tulibaki Nao, Mboga Tukauza: Maswali Yenu Kuhusu Chakula cha Wazee na Dayati za Mjini

Mwezi uliopita niliandika katika safu hii kwamba nusu ya mambo wanayouziwa vijana kwa jina la dayati, bibi zetu wa uwanda wa Makonde waliyafanya bila kuyapa jina, na nusu iliyobaki wasingekubali hata kuionja. Maswali yamekuja mengi, kutoka Kilwa hadi Tandahimba. Nimelelewa na bibi Newala, kisha nikawa muuguzi katika mikoa ya Lindi na Mtwara kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo ninajibu kwa niliyoyaona jikoni na niliyoyaona wodini.

Shikamoo mama. Shoga yangu amepungua kilo sita kwa wiki tano kwa keto. Ameacha ugali, wali, muhogo na hata maharage. Nami nimeanza, niko wiki ya pili: kichwa kinagonga na choo ni kigumu. Anasema nivumilie kwa kuwa wazee wa zamani waliishi hivi, kwa nyama na mafuta. Ni kweli? (Binti wa Shangani, Mtwara)

Marahaba mwanangu. Si kweli, na usivumilie kichwa kinachogonga kwa ajili ya hadithi.

Keto ilianzia hospitalini. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa wagonjwa wa kifafa, kwa sababu ilishaonekana kwamba mgonjwa akikaa bila kula, degedege hupungua. Mwili ukikosa wanga, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo hutumia hizo badala ya sukari. Mpaka leo mlo huu unawasaidia watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa, nao hufuatwa kwa uangalizi wa karibu. Mzee wa Mtwara aliyeishi kwa nyama na mafuta hakuwepo. Nyama ilikuwa ya siku ya mawindo au ya sherehe.

Kilo unazoziona zikishuka haraka wiki ya kwanza, nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika karibu gramu tatu za maji. Akiba ikiisha, maji hutoka kwa mkojo na chumvi hufuata. Hapo ndipo kichwa kinapogonga. Choo ni kigumu kwa sababu umeacha maharage, kunde na mbaazi, vyakula vyenye nyuzinyuzi kuliko vingine vyote ulivyokuwa ukila.

Kupungua kwa shoga yako sikukatai. Ila mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa mwaka mzima, kundi moja likila mafuta kidogo, jingine wanga kidogo. Kwa wastani la kwanza lilipungua kilo 5.3, la pili kilo 6.0, tofauti ambayo haitoshi kusema lipi lilishinda. Jambo ambalo makundi yote mawili yaliagizwa kulifanya ni kuacha sukari na unga mweupe, na kula mboga nyingi. Basi anzia hapo. Ugali uwe wa ukubwa wa ngumi yako, samaki awepo, kunde zirudi, mchicha ujae. Na kama unameza vidonge vya sukari au vya presha, au una mimba, au unanyonyesha, usianze keto kabla ya kuongea na kliniki yako. Nimepokea wodini mgonjwa wa kisukari aliyeacha wanga ghafla huku akiendelea na dozi ileile ya dawa. Aliletwa hajitambui.

Babu yetu anasema tunaugua kwa sababu tumeacha muhogo, chakula chetu cha asili toka enzi na enzi. Mjomba wangu mwalimu anabisha, anasema muhogo ni wa Wareno. Nani yuko sahihi? (Msomaji wa Nanyamba)

Mjomba yuko sahihi kwa historia. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika. Mahindi yalitoka Mexico. Karanga ni za Amerika ya Kusini, na mkorosho, mti unaosomesha watoto wetu, ni wa Brazil. Nyanya, pilipili, papai na nanasi zote zilivuka bahari hiyohiyo. Minazi, ndizi na mpunga zilitoka upande wa Asia, na mbaazi ni za India. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331, hapakuwa na muhogo wala hindi hata moja katika bara zima la Afrika. Vyakula vyetu hasa, vilivyozaliwa na udongo wa bara hili, ni mtama, uwele, ulezi, kunde, njugu mawe, bamia, ubuyu, na ming'oko inayochimbwa porini.

Lakini babu naye usimvunje moyo, maana ana jambo. Chakula kuwa cha wazee si lazima kiwe kiliota hapa tangu mwanzo. Wazee walikipokea, wakajifunza tabia zake, wakajua kinaliwa na nini. Mahindi yanatufundisha vizuri. Watu wa Mexico huyachemsha na chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa ile huifungua vitamini moja, niasini, mwili ukaipata. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, utaalamu wa chokaa haukwenda nayo. Maskini wa Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, walioshindia mahindi matupu, wakapata pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, akili kuvurugika, na wengi kufa. Walipewa punje bila maarifa yake.

Swali linalofuata ni la maarifa ya aina hiyo, na nitalijibu kwa kirefu kuliko yote.

Mama, mimi na mume wangu tumeamua kurudi kula kama bibi zetu, tumeacha sembe. Nilipata muhogo mchungu kwa jirani, nikaukata vipande vyembamba, ukakauka vizuri kwa siku mbili za jua kali, nikasaga. Tuliposonga ugali, watoto wawili walitapika na mmoja alisema kichwa kinazunguka. Walipona kesho yake. Bibi alikula huohuo maisha yake yote. Nimekosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Tandahimba)

Mwanangu, namshukuru Mungu watoto wamepona. Unga huo usiusonge tena kama ulivyo. Ikitokea tena mtoto ametapika na kulegea baada ya ugali wa muhogo, usingoje kesho, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo.

Muhogo mchungu una kitu kinachoitwa linamarini. Kikivunjwa hutoa sumu ya sayanidi, nayo ni hewa, huruka ikipata nafasi. Kinachokivunja kimo ndani ya muhogo wenyewe, ila vinakaa mbalimbali mpaka nyama ya muhogo ipondwe, ikunwe au ilainike majini. Kwa hiyo kutwanga kunasaidia, kukuna kunasaidia, kulowesha siku tatu hadi nne mpaka muhogo ulainike kunasaidia kuliko vyote. Kukata vipande na kuvikausha upesi kwenye jua kali kunasaidia kidogo tu, kwa sababu maji yanaondoka kabla vitu hivyo viwili havijakutana. Wewe umeona jua kali kuwa bahati. Kwa muhogo mchungu halikuwa bahati.

Utauliza kwa nini basi watu wa uwanda wa Makonde wanakausha makopa, yaani vipande vya muhogo, badala ya kulowesha. Waulize kina mama waliokulia Newala habari ya maji. Juu ya uwanda hakuna mto. Maji yalipandishwa kwa kichwa kutoka bondeni, njia ya mteremko mkali, na ndoo moja ilikuwa ya kunywa, kupikia na kumwogesha mtoto. Nani angeyamwaga maji hayo kwenye pipa la muhogo siku nne? Na muhogo mchungu ulilimwa kwa sababu mtamu uliishia kwa nguruwe pori na tumbili. Ukame na wanyama ndio waliomchagulia bibi chakula.

Bibi yangu alipanda mtamu nyuma ya nyumba, wa sisi kutafuna, na mchungu shamba la mbali. Akimenya, alipasua kwa urefu, akatoa ule uzi wa katikati, akaanika, na makopa yake yalikaa nje siku nyingi, si mbili. Alikuwa na sikio la kazi hiyo. Alishika kopa kwa mikono miwili akalivunja: lililokauka sawasawa lilitoa mlio mkali na ndani lilikuwa jeupe mpaka katikati. Likipinda kabla ya kuvunjika, alilirudisha juani bila kusema neno. Siku ya kutwanga aligusisha unga kwenye ncha ya ulimi, akasubiri, akatema. Uchungu ukibaki, unga ule haukuingia jikoni siku hiyo. Ulimi ni kipimo kizuri, ingawa siwezi kukuambia uutegemee peke yake.

Tena bibi hakusonga ugali huo peke yake. Pembeni palikuwa na chungu cha mbaazi, au ng'onda, samaki mkavu aliyetoka Mikindani, au kisamvu cha karanga. Hili nililijua kwa macho utotoni, nikalielewa nilipokuwa tayari muuguzi. Mwili una njia ya kuivunja nguvu sayanidi kidogo inayobaki, lakini unahitaji salfa, na salfa hiyo huipata kwenye protini ya samaki, nyama na jamii ya kunde. Mwenye mboga nzuri anaweza kuimudu sumu kidogo. Anayekula ugali na chumvi wiki nzima hawezi.

Akishindwa, ugonjwa wake unaitwa konzo. Jina ni la Kongo, lina maana ya miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, na haiachii tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ng'ambo ya Ruvuma huko Nampula, Msumbiji, uliwapooza zaidi ya watu 1,000. Mwaka 1985 ulitokea Tarime, mkoani Mara. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitokea kwetu, Mtwara, na kwa jirani zetu wa Mbinga, Ruvuma. Nimemhudumia msichana mmoja ambaye mpaka leo nikifumba macho namwona anavyotembea: kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, fimbo mkono wa kulia. Akili yake ilikuwa timamu, alihesabu na kusoma kuliko wenzake. Mama yake alikuwa ananiuliza kila mara kama mazoezi yatamrudisha. Hayakumrudisha.

Sasa la kufanya. Ukiwa na maji, lowesha muhogo uliomenywa siku tatu mpaka nne, ulainike kabisa, ndipo uanike. Ukiwa na unga tayari, kuna njia ya mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, ambayo akina mama wa kusini wameshafundishwa, na haina gharama. Weka unga kwenye beseni, weka alama ndani mahali unga ulipofikia. Tia maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukifika tena kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye jamvi au sinia pana, unene usizidi sentimita moja, ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inaruka. Songa ugali siku hiyohiyo, maana unga uliolowa haulali mpaka kesho. Kisamvu nacho kitwange vizuri na ukichemshe bila kufunika. Na ugali wako uwe na mbaazi, kunde, dagaa, chochote cha aina hiyo, kila siku. Hapo ndipo utakuwa umerudi kwa bibi.

Baba yangu ana kisukari. Ameambiwa apunguze ugali. Anajibu kwamba baba yake alikula ugali mkubwa mara mbili kwa siku na akafa na miaka tisini bila kumeza kidonge. Nimjibu nini? (Kijana wa Mingoyo, Lindi)

Usimjibu kwa kubishana naye juu ya babu. Keti naye mhesabu siku ya babu. Aliamka alfajiri, akatembea kwenda shamba, akapiga jembe la mkono mpaka jua la utosini, akarudi kwa miguu na kuni begani. Ugali ule ulikuwa na kazi ya kufanya. Kisha mhesabu siku ya baba: chai yenye vijiko vitatu vya sukari, maandazi, pikipiki mpaka dukani, kiti mpaka jioni, soda, kisha ugali wa ukubwa uleule wa babu. Ugali wenyewe ulikuwa wa mtama au dona lililotwangwa kinuni, na leo ni sembe iliyokobolewa mpaka imebaki wanga.

Mwambie pia kwa upole kwamba babu ni mmoja kati ya wale waliofika. Ndugu zake waliokufa wachanga hawasimuliwi. Mwaka wa uhuru, nchini kwetu zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano hakufikisha miaka mitano. Kwenye utafiti wa taifa wa 2022 wamekuwa 43 kati ya kila 1,000. Chanjo, maji na hospitali vimefanya kazi kubwa hapo, na mimi siko tayari kumsikia mtu akiyatamani maisha yote ya zamani kwa mkupuo.

Lakini upande wa chakula, baba ana sababu ya kuwasifu wazee. Aprili 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha kazi waliyoifanya Kilimanjaro na wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha kijijini, cha ndizi, kunde, mboga na nafaka nzima, walilishwa kwa wiki mbili chakula cha kizungu, soseji na mkate mweupe na chipsi. Wengine wa mjini walifanyiwa kinyume chake. Kwa wiki mbili tu, damu ya waliohamia kwenye soseji ilionyesha dalili za mwili kuwaka ndani kwa ndani, hali inayohusishwa na magonjwa kama kisukari na ya moyo, na kinga yao ikafifia. Kwa waliorudi kwenye chakula cha wazee, dalili hizo zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalionekana bado wiki nne baadaye.

Kwa hiyo mpe baba sahani, asile kwenye sinia. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, mlenda, mchicha, matembele. Robo iwe samaki wa chukuchuku, mbaazi au kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, na uwe wa dona au mtama. Sukari kwenye chai aiache kabisa, na akimaliza kula jioni atembee mpaka barabarani na kurudi. Dawa asiache. Akianza kula hivi, apime sukari mara kwa mara na arudi kliniki, maana dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Hapo nataka kusema jambo linaloniuma. Watu husema tumesahau chakula cha wazee. Hatukusahau. Kila nyumba ya Lindi na Mtwara inajua kupika mbaazi za nazi. Tuliziuza. Mbaazi, ufuta, choroko, korosho, vyote vinakwenda ghalani na mnadani, na fedha inayorudi inanunua sembe, sukari na mafuta ya kula. Siwalaumu, ada ya shule hailipwi kwa kunde. Lakini mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingia kwake na bei ikaanguka vibaya, nilitembelea nyumba ambazo magunia yalikuwa yamelala sebuleni, na bado watoto walikuwa wanakula ugali na mchuzi wa nyanya, kwa sababu mbaazi zilishakuwa "mali". Gunia moja la mbaazi litengwe kila msimu kabla lori halijafika, liandikwe la nyumba, na lisiguswe hata bei ipande vipi.

Bibi alikuwa akikuta karanga zimeota ukungu, anazichagua na kuzikaanga. Si moto unaua? (Nachingwea)

Hauui. Ukungu huo huacha sumu iitwayo aflatoksini, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 nafaka yenye sumu hii iliua watu 20 Dodoma na Manyara, na kwa wanaokula kidogo kidogo miaka mingi huharibu ini mpaka kuleta saratani. Iliyoota ukungu, iliyosinyaa, yenye rangi ya ajabu, tupa. Usimpe hata kuku. Karanga zikaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na ziwekwe mahali pakavu penye hewa.

Nyinyi wa Nachingwea mna habari nyingine ya karanga ya kuwasimulia watoto. Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilifyeka mapori ya hapo, Kongwa na Urambo ili ipate mafuta ya kuwalisha watu wake baada ya vita. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotelea ardhini. Kina mama wenye jembe la mkono, walioujua udongo na mvua ya hapo, waliendelea kuvuna za kwao.

Ninafunga saa 16 kila siku, nakula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Wazee si walikula mara moja au mbili tu? (Kilwa Masoko)

Walikula mara mbili kwa kuwa chakula kilikuwa cha mara mbili, na miezi ya mvua kabla ya mavuno kilikuwa cha mara moja. Ile ilikuwa njaa. Kwa mtu mzima mwenye afya, kuacha kula usiku sana na kukaa saa nyingi bila chakula hakudhuru, na wengine hupungua kwa kuwa wanakula kidogo kwa jumla. Wasifanye hivyo wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wanaokua, wenye vidonda vya tumbo na wanaotumia dawa za sukari. Na ukifungua saa sita kwa chipsi na soda, saa zako 16 zimekwenda bure.

Mwanangu ana miezi minane. Mama mkwe anataka apewe uji wa muhogo kama walivyolelewa wao. Mimi nanunua uji wa lishe wenye nafaka na vitu tisa. Tunagombana kila asubuhi. (Ruangwa)

Uji wa muhogo mtupu unashibisha tumbo na kuacha mwili na njaa. Muhogo mbichi una protini gramu moja na nusu hivi tu kwa kila gramu 100. Hapo mama mkwe amekosea, ingawa naamini yeye mwenyewe alipewa uji huo pamoja na titi la mama mpaka miaka miwili, na kwa titi ana haki. Kwa takwimu za 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa.

Lakini na wewe, vitu tisa vya nini? Karanga na soya zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa wiki nyingi, huchacha na hushika ukungu upesi, na ukichanganya vingi huwezi kujua ni kipi kimemkataa mtoto. Chukua unga wa mtama au ulezi au dona, upike uji uive sawasawa. Karibu na kuepua tia kijiko cha karanga zisizo na ukungu ulizozikaanga na kuzisaga nyumbani wiki hiyo, au ufuta, ambao mkoa wa Lindi unao kwa magunia. Mchana mpondee mbaazi zilizoiva vizuri na mboga ya majani, au samaki uliyemtoa miba kwa vidole vyako mwenyewe. Yai akipata, vizuri. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Na kesho asubuhi mwombe mama mkwe ndiye akusagie ufuta. Mtaacha kugombana.

Kuna siki ya tufaa inauzwa kwa ajili ya kupunguza tumbo. Je, inafaa? (Mtwara)

Haitapunguza tumbo kwa kiasi cha kukufanya utoe fedha hiyo, na ikinywewa bila kuchanganywa na maji inakula meno. Kuanzia Oktoba chini ya mikorosho yetu mabibo yanaoza kwa sababu tunachotaka ni korosho. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Lioshe, lile, na likikukaba koo, lipake chumvi kidogo au ulikamue unywe juisi yake siku hiyohiyo kabla haijachacha.

Nimesoma kwamba Wahadzabe wana afya nzuri kwa sababu wanakula mizizi ya porini. Mimi ni kijana, nataka kuchimba ming'oko na kuipeleka Dar kama chakula cha afya. Unashaurije? (Masasi)

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hula mizizi kweli, pamoja na asali nyingi, ubuyu, matunda ya porini na nyama. Hutembea kilomita nyingi kila siku kuvitafuta. Watu wa Dar watakula ming'oko yako wakiwa wamekaa kwenye foleni. Usiwaahidi afya ya Mhadzabe, waahidi ming'oko. Inatosha: imechemshwa, ina chumvi na pilipili ya unga, na mtu wa kusini aliyeko Temeke akiiona ataliita basi lisimame.

Mambo mawili tu. La kwanza, usiende porini peke yako mara ya kwanza. Kuna viazi pori vingine vinavyofanana navyo ambavyo wazee walivila mwaka wa njaa tu, baada ya kuviweka majini siku kadhaa, na anayevila bila kujua anaumwa sana. Nenda na mama anayeijua ming'oko kwa jani na kwa jinsi inavyojisokota, na umlipe siku yake. La pili, mtazame anavyochimba. Bibi yangu hakung'oa shina zima. Alifukua upande mmoja kwa mti uliochongwa ncha, akafuata mzizi chini taratibu, akakata na kuacha kichwa chake na kamba ardhini, kisha akafukia kwa mguu na kushindilia. Nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani, nikamuuliza anafukia nini wakati ameshatoa. Akasema anafukia cha mwakani.